Nyumba Niliyoichora Bila Kufika

Mbeya, Jumapili baada ya ibada

Dada yangu Salome,

Kamwene. Mimi mdogo wako bado napumua, ingawa baridi ya huku inaniuma magoti kama ina kisasi na ukoo wetu. U hali gani, na kifua cha Mama kinaendeleaje? Shemeji bado anakoroma kanisani? Naandika, sipigi simu, kwa sababu kwenye simu huwa unanicheka kabla sijafika katikati. Hii nataka uimalize kwanza ndipo ucheke, ukiweza.

Unajua nilivyokuwa nikitamba kwamba mimi ni mchora ramani. Miaka ishirini na mbili nimeinamia meza ya kuchorea mpaka mgongo umepinda kama mundu. Sasa meza zote zimeondolewa ofisini, zimeingia kompyuta, na msanifu majengo mpya, Upendo, wa umri wa mwanao wa kwanza, ndiye bosi wangu. Si mtu mbaya. Miezi minne amenifundisha kwa uvumilivu. "Baba, usiibonyeze kwa hasira, haijakukosea kitu." Nabonyeza, ukuta unaruka juu ya paa, watu wanacheka, nami nacheka nao. Ila siku moja aliniita pembeni bila kicheko. "Baba, wakubwa wanataka uchore nyumba moja peke yako kwenye kompyuta, mwanzo mpaka mwisho. Ukishindwa, sitakuwa na namna ya kukutetea."

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Mama Tusajigwe, muuguzi mstaafu, kule upande wa Tukuyu. Zamani, kabla sijagusa penseli, nilikuwa nakwenda kutembea kiwanjani na mwenye mji, namwuliza mambo matatu: maji ya mvua yanapita wapi, upepo unatokea wapi, na nani amelala hapa. Maana watu wa huku, kama sisi, wafu wao hawawapeleki mbali, wanabaki nao palepale nyumbani. Siku hizi inarushwa droni, picha inaingia kwenye kompyuta, kazi inaanza. Niliitazama picha ile, nikaona migomba tu. Namba ya mama yule nilikuwa nayo, dada. Sikumpigia. Nilitaka wanione na mimi ni mtu wa kisasa. Siku tatu nikamaliza, wakanipigia makofi, na mimi nikavimba kama andazi.

Mama Tusajigwe alikuwa hospitali kwa ajili ya macho, kwa hiyo mafundi walifyeka migomba na kuanza msingi bila yeye. Siku aliyorudi, fundi akatupigia simu. Jembe lilikuwa limetoa kikombe cha bati, cheupe, kidogo. Tukaenda, mimi na Upendo. Mama tulimkuta ameketi kando ya mtaro, kikombe kipo mapajani. Kilikuwa cha mtoto wake wa kwanza, aliyefariki ana miaka miwili. Walimzika nacho. Kaburi halikuwa na saruji, ni mawe matatu tu chini ya migomba.

"Nani alichora nyumba yangu?"

"Mimi, mama."

"Ulifika hapa?"

"Sikufika."

Akanitazama sana. "Si ungeniuliza tu, mwanangu? Ningekuonyesha."

Angenitukana, ningeshukuru.

Jumamosi mtoto akazikwa upya palepale, na mawe yake matatu. Mchungaji akaomba, nami nikashika koleo. Baadaye mama akanishika mkono, akanizungusha kiwanja chote. "Hapa mume wangu. Hapa mama mkwe, alikuwa mkali huyo, usimkanyage." Kisha akasimama kwenye nyasi tupu. "Na hapa ni pangu. Usije ukaniwekea choo." Tukacheka wote wawili. Nikaandika yote kwa penseli.

Ofisini, kuisogeza nyumba mita sita lilikuwa jambo la dakika moja. Nikatafuta alama ya kaburi. Ile mashine ina alama ya gari, ya mti, hata ya bwawa la kuogelea na mtu amejilaza kando yake. Ya kaburi haina. Nikachora mistatili minne, mitatu ya waliolala na mmoja wa mama mwenyewe. Upendo akainama begani kwangu.

"Baba, toa alama hizo. Zitachelewesha kibali, na wakubwa wanaliangalia faili lako leo."

"Mafundi watajuaje?"

"Si mama yupo? Atawaonyesha."

"Na asipokuwepo?"

Akaitazama saa yake. Alisubiri tu, mkono kwenye kiti changu.

Nikazitoa, dada. Zamani mstari wa wino ukiukwangua kwa wembe, karatasi inabaki na kovu, mwenye macho anajua hapa palikuwa na kitu. Safari hii nilibonyeza mara nne, pakawa safi kama hapajawahi kulala mtu.

Jioni wakaniambia nimefaulu. Nimepewa kompyuta yangu na kiti kinachozunguka, na viwanjani siendi tena.

Nisalimie Shemeji na randa yake ya useremala, watoto wote, na mjomba wetu wa Tosamaganga asiyekubali kuzeeka. Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi, uichukue stendi hapo Mafinga. Mama mpe shikamoo yangu, ila usimwambie kwamba nimefaulu. Atafurahi, nami sitakuwa na la kumjibu.

Ni mimi mdogo wako, wa kuzeeka kabla yako,

Efraimu