Kumi na Tatu Mara Kumi na Moja

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti halikusumbui tena unapopanda ngazi za pampu ya maji. Mimi sijambo, ila usingizi umekuwa wa mang'amung'amu kwa sababu ya kazi.

Najua utacheka kwamba nimeandika badala ya kupiga simu. Ni wewe uliyenifundisha: salamu zinapigwa simu, vipimo vinaandikwa. Basi hili ni la vipimo.

Ile kanuni ya bonde imefika mbele ya kamati. Inakataza kujenga, kuchimba mchanga na kuchoma matofali ndani ya mita sitini kutoka mtoni. Mtaa wa chini umefurika mara tatu ndani ya miaka sita, na sisi wa ofisi ya hali ya hewa tumeitwa kueleza mvua imekuwaje. Kikao cha wazi ni tarehe 14 Mei. Wakili wa wenye viwanda anasema kila siku redioni kwamba mvua ni zile zile, na kwamba sisi tunapika takwimu ofisini huku tukinywa chai. Hiyo chai yenyewe, baba, tungeipata tungeshukuru.

Kituo pekee upande wa juu wa mto huu chenye vipimo vya miaka thelathini na minne ni kile kipima mvua unachokisoma uani kwenye pampu, yaani wewe. Fomu za kila mwezi ulizokuwa ukituma tunazo. Wakili anataka kuona madaftari yenyewe, yale ya mwandiko wa mkono. Naomba uyafunge yote vizuri uyatume kwa basi. Nitayapokea mwenyewe.

Mwanao,
Kitinda

12 Machi

Mwanangu Kitinda,

Marahaba. Mimi mzima, na goti usilitie maanani, tumeshazoeana. Kula vizuri na ulale. Hakuna takwimu iliyowahi kuharibika kwa sababu mtu alilala.

Madaftari thelathini na matatu nimeyafunga kwa turubai na kamba mbili, nikamsimamia kondakta mpaka alipoyaweka juu ya mizigo badala ya chini yake. Nimesema thelathini na matatu, usianze kuhesabu upya. La mwaka wa tisa, mwaka aliofariki mama yako, nimebaki nalo. Fomu zake si unazo? Zinatosha.

Huku kanuni yenu imetugeuza wote kuwa wanasayansi. Kinyozi akishika mkasi hanyoi, anasikiliza. Mbishi mkuu ni baba yako mdogo. Tanuri lake la matofali liko mita thelathini kutoka mtoni, hivyo kanuni inampiga kifuani. Juzi kapiga simu redioni, akaisimulia tena ile hadithi yake: siku aliyokata roho shemeji yake, yaani mama yako, matofali mabichi elfu ishirini yaligeuka uji kwa alasiri moja. "Mvua kubwa zilikuwepo tangu zamani!" akapiga kelele mpaka redio ikakwaruza. Watu wakacheka, wakasema Mzee wa Chumvi ameanza. Mimi nilikuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa, nikaangalia ukuta.

Baba yako

29 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo lakini? Mimi mzima, na wiki hii nimelala kama ulivyoagiza. Madaftari yamefika makavu kabisa. Wenzangu wanayafungua kwa ncha za vidole kama vyeti vya ndoa. Siku zaidi ya elfu kumi na mbili, hakuna kisanduku kitupu! Nilijisikia fahari, acha nikwambie wazi.

Pengine umeshasikia, jana waliniita redioni. Mtangazaji akaniuliza kuhusu matofali ya baba mdogo. Nikamjibu kwamba fomu ya siku hiyo ninayo, na imejazwa na kaka yake mwenyewe: milimita kumi na tatu. Nikasema mvua ya kumi na tatu haiyeyushi matofali, labda sukari. Studio nzima ilicheka. Kisha nikawapa hesabu kamili: katika miaka kumi na saba ya mwanzo, mvua ya kuvuka milimita mia kwa siku haikunyesha hata mara moja. Katika kumi na saba ya mwisho imenyesha mara tano.

Najua ni baba yangu mdogo, na ndiye aliyenibeba begani kwenda shule mwaka ule nilipobaki bila mama. Lakini hili si la kifamilia. Nitumie lile daftari moja, baba, pengo lisionekane.

Mwanao,
Kitinda

24 Aprili

Mwanangu,

Sijambo kimwili. Nawe naomba uwe mzima unaposoma haya, na uwe umekaa.

Umenipigia simu mara nne, na mara zote nikakueleza habari za kuku. Kuku hawana tatizo lolote. Tatizo ni hili.

Mwaka ule nilikaa na mama yako hospitali kubwa siku kumi na moja. Kipima mvua sikumwachia mtu. Nilifunga geti la uzio, ufunguo nikasafiri nao mfukoni, sijui nilifikiri nini. Niliporudi na mwili wake, nyumba imejaa watu, nilichomoka nikaenda pampu. Chupa ya ndani ilikuwa imejaa hadi juu, maji yamefurikia kopo la nje. Nikapima, nikamwaga, nikapima tena. Jumla milimita mia moja arobaini na tatu. Za siku ipi, sikujua. Miaka tisa sikuwa nimeacha kisanduku hata kimoja. Mkaguzi alikuwa akinisifu kwa hilo mbele ya watu, na mama yako akilisimulia sokoni. Nikagawanya kwa kumi na moja. Ikatoka kumi na tatu kamili, bila baki. Nikaona kama nimesamehewa.

Wiki iliyofuata baba yako mdogo akanieleza msiba wake mwingine, wa matofali. Siku zote zile zilikuwa kavu, mvua yote ilishuka alasiri moja, siku ile ile aliyofariki mama yako. Fomu ilikuwa bado mezani kwangu. Ningeweza kuirekebisha. Nikaitia kwenye bahasha nikaituma.

Tangu hapo kila akisimulia matofali yake mimi naangalia ukuta. Watu wakimwita Mzee wa Chumvi, chumvi hiyo niliitia mimi. Sasa na wewe umemfanya achekwe na mji mzima kwa kalamu yangu, wala hukujua. Jioni ya siku ile ya redio alikuja, akakaa, akaniuliza, "Kaka, hivi mimi ni mwongo?" Nikamwambia chai inapoa.

Nakuja tarehe 14. Nitasema mwenyewe, na daftari nitalishika mkononi.

Baba yako

1 Mei

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Nimekasirika, na ni heri nikwambie kuliko nikuandikie kana kwamba sijakasirika.

Nimeifungua ile fomu. Kumi na tatu, kumi na tatu, kumi na tatu, mpaka mara kumi na moja. Nilishapita hapo mara nne bila kuona, kwa sababu ni mwandiko wako. Ingekuwa ya mtu mwingine ningeipigia mstari mwekundu dakika ya kwanza. Nimesomea kazi hii miaka saba, baba.

Mkuu wangu anasema tuutoe mwaka wa tisa wote kimya kimya, tuseme daftari limepotea. Nimekaa na wazo hilo siku tatu, na sitakuficha, limeanza kunikaa vizuri. Ukisema ukweli, ile "hata mara moja" niliyoitangaza redioni inakuwa mara moja. Moja kwa tano bado ni tofauti kubwa, mchoro wangu wa mvua unasimama. Lakini nani atausikiliza mchoro? Wakili atasema baba alipika, binti akapakua. Kanuni itaanguka, na mvua ijayo itawakuta wale wa mtaa wa chini pale pale.

Usije. Nakuomba.

Kitinda

7 Mei

Mwanangu Kitinda,

Marahaba. Huku wazima wote. Kasirika mpaka uridhike, ni haki yako, na mimi sikuombi uharakishe.

Ila nakuja. Ukisema daftari limepotea, utakuwa umegawanya kwa kumi na moja kama mimi. Siku ya kwanza utaona umepona. Halafu mtu atataja mvua mbele yako, nawe utaanza kuangalia ukuta, na ukuta huo nimeuangalia miaka ishirini na mitano, naujua hadi nyufa zake. Sikukulea uje kuurithi. Wakili na apige kelele. Mimi nitakuwa nimesimama, na nitajibu ninaloulizwa.

Baba yako mdogo nimemwambia jana, pale pale tanurini. Nilidhani atanirushia kitu. Aliokota tofali, akaligeuza, akalirudisha kwenye safu. Akasema, "Miaka ishirini na mitano, kaka. Watoto wangu mwenyewe walikuwa wananicheka mezani." Sijawahi kujisikia mdogo kiasi kile mbele ya mdogo wangu. Mwishowe akasema naye anakuja kikaoni, na anakuja kuipinga kanuni, nisijidanganye. Tumekata tiketi pamoja. Tumeshaanza kugombania kiti cha dirishani.

Baba yako

19 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Umefika salama? Goti limestahimili safari? Mimi mzima kabisa, na tangu nisimame mbele ya kamati nikatamka "nilikosea redioni," nalala fofofo.

Ulikimbilia basi la jioni ili uwahi kipimo cha saa tatu asubuhi, kwa hiyo hukuyaona ya mwisho. Acha nikusimulie.

Kwanza, jibu lako limekuwa wimbo hapa ofisini. Wakili aliposema, "Kama siku kumi na moja ulidanganya, hizi elfu kumi na mbili tutaziaminije?" nawe ukamwambia, "Hizo kumi na moja nimekuonyesha mimi. Madaftari unayo wiki sita. Nionyeshe ya kumi na mbili." Mkuu wangu, yule wa daftari limepotea, ndiye anayelirudia zaidi ya wote.

Ulipotoka, baba mdogo akaomba nafasi. Akasema anaipinga kanuni kwa moyo wake wote, kwamba mvua za kuyeyusha matofali ziko tangu zamani, na leo hata kaka yake amekiri. Wakili akatabasamu. Mwenyekiti wa kamati, yule mama mwenye miwani, akamuuliza taratibu, "Tangu siku ile, mzee, matofali yamekuyeyukia mara ngapi tena?"

Baba mdogo hana mambo ya kukadiria linapokuja suala la matofali yake. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Mwaka alioozesha binti yake mkubwa. Mwaka uliofuata, mwezi wa nne. Mwaka lori lilipozama. Kila alipotaja, mwenyekiti alilifungua daftari la mwaka huo, akaweka kidole, akasoma kwa sauti: mia na nane. Mia na ishirini na moja. Mia na kumi na saba. Alipofika cha tano mkono ulikuwa umejaa. Akauangalia. Akasema, "Kumbe," akakaa chini. Zamani mara moja, tangu hapo mara tano: ukumbi mzima ulielewa, baba. Nilifanya mchoro ule miezi minne, na haujawahi kueleweka hivyo hata kwa watu watatu.

Nilimfuata nje nikamwomba radhi. Akaniambia kwamba nilipokuwa mdogo nilikuwa mzito begani na sasa nimezidi. Kisha akanishika kichwa, nikalia pale barabarani bila haya.

Kamati imepiga kura jana. Kanuni imepita, saba kwa wanne. Wameipunguza kutoka mita sitini hadi arobaini, jambo ambalo linaniuma, na nitarudi kulipigania. Tanuri la baba mdogo lazima lihame vilevile. Redioni bado wanabishana. Na wabishane, madaftari yako wazi sasa kwa yeyote anayetaka kuyasoma.

Mwanao,
Kitinda

26 Mei

Mwanangu Kitinda,

Marahaba, na hongera. Goti limelalamika, limekoma. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, kwa sababu baba yako mdogo alikuwa amekaa hapa akijifanya hasikilizi. Amepata kiwanja upande wa juu wa barabara, mbali na mto, anakitukana kila siku na amesharundika udongo.

Kwenye lile daftari la mwaka wa tisa nimezipitishia mstari zile kumi na tatu zote, nikaandika pembeni jinsi ilivyokuwa, nikaweka sahihi na tarehe ya leo. Nitalituma likae na wenzake.

Sasa utanicheka. Siku ile ya kikao, ufunguo wa geti nilisafiri nao tena. Kijana anayenisaidia kazi za pampu angeweza kunisomea, akabaki nje ya uzio. Nimerudi tarehe 15, saa tatu kasoro, nikakuta milimita nane ndani ya chupa. Za tarehe 14 au za 15, siwezi kujua. Mkono wenyewe ulianza kuandika nne. Nne na nne, ingependeza kweli. Nikauzuia. Kisanduku cha tarehe 14 nimeandika: sikuwepo. Cha tarehe 15: nane, jumla ya siku mbili. Hicho cha tarehe 14 ndicho cha kwanza kukosa kipimo katika miaka thelathini na minne, na nakwambia niliutazama ukurasa ule kwa raha.

Ufunguo wa pili nimeuchongesha nikampa baba yako mdogo, awe anasoma nikisafiri. Yeye bado haamini nusu ya mnayosema huko ofisini, kwa hiyo hatanionea haya. Leo nimemwachia ajaribu. Akainama, akaangalia, akaniita nikathibitishe, nikakataa kwenda. Akaangalia tena. Kisha akaandika sifuri, na jina lake kamili pembeni.

Baba yako