Saizi ya Viatu vya Baba Yako

Užice, Septemba

Mwanangu Momir,

Umeniuliza saizi ya viatu vya baba yako. Hilo nitalifikia. Miti ya plamu mwaka huu imezaa mpaka matawi yanainama.

Shingo iliniuma mwezi mzima. Jirani yetu Desanka akasema, “Shoga, umepigwa na upepo wa dirishani!” Nikafunga madirisha yote, tukachemka humo ndani bure. Juzi mtaalamu wa viungo alibonyeza fundo begani, maumivu yakapanda mpaka kisogoni.

“Mama, upepo umesingiziwa. Unanyanyua nini kila siku?”

“Sinyanyui kitu. Ni mume wangu tu, nikimgeuza kitandani.”

Ukipiga simu huwa nakuambia baba yako yuko shambani. Hajashuka kitandani tangu Pasaka.

Madirisha nimeyafungua. Viatu usinunue.

Mama yako,
Milunka