Mashine Isiyovumilia Chandarua

Garsen, Mto Tana
1998

Kwa Baba na Mama, kwa Ami, kwa Shangazi, na kwa ndugu zangu wote mliokaa barazani Vanga,

Assalaam alaykum. Nawapa mkono mmoja mmoja, kuanzia mkubwa hadi mdogo, na kabla sijasema langu nauliza yenu. Je, kifua cha Baba kimetulia? Mama ameacha kwenda kisimani kabla ya alfajiri kama alivyotuahidi? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Namwomba Ami aisome barua hii polepole, kwa sauti yake ile ya maulidi, na Shangazi namwomba kwa heshima zote asimkatize hadi mwisho. Najua ninaomba jambo zito.

Katika barua yake Baba aliniuliza kama nitahudhuria harusi ya ndugu yangu Bakari. Mlistahili jibu mapema. Sikujibu kwa kuwa kila wiki niliamini kwamba kazi iliyonishika huku itamalizika wiki ifuatayo. Leo najua haitamalizika, na ninyi ndio wa kwanza ninaowaambia.

Kazi yenyewe mnaijua kwa juu juu. Mwalimu Komora, mwalimu mstaafu wa Idsowe, alikuwa ameandika kwa mkono kitabu cha kuwafundisha watoto wa Kipokomo, kwa lugha yao, kilimo cha mto: maji yakishuka huacha udongo gani, na udongo upi hupandwa nini. Mafuriko yakaichukua nyumba yake pamoja na madaftari yote. Yeye na mkewe, Mama Buya, wakahamia Garsen, na mradi ulioniajiri ukanituma nikae naye, anene yaliyomo kichwani mwake, nami niyaandike kwa kompyuta.

Umeme hapa ni wa kuazima. Injini moja husaga mahindi mchana, na magharibi mwenye injini huihamishia kwenye jenereta, tukapata saa chache za mwanga. Lakini magharibi ndiyo saa ya mbu, na mbu wa Garsen baada ya mafuriko si wale mnaowafukuza Vanga kwa upindo wa kanga. Huku ukifungua kinywa kusema, umekwisha kula. Mama Buya akatushonea chandarua cha marikani, kile kitambaa kizito cha pamba, kipana kama hema, kikafunika meza, mashine na sisi wawili. Alipotuchungulia mara ya kwanza alicheka hadi akakaa chini.

"Tazameni maharusi wangu! Nani kati yenu ndiye mke?"

"Huyu wa Vanga," Mwalimu akajibu, "ila hajui kupika."

Tukafanya kazi hivyo kwa miezi. Mashine ilikuwa ya zamani, na kitabu kilipokua ikawa inajikokota. Mradi ukaipeleka Malindi, fundi akaibadilishia prosesa, yaani kile kipande kinachofanya hesabu zote, akaiongezea na kumbukumbu. Ikarudi na kasi ya kuogofya. Jioni ya kwanza tulishangilia. Ya pili, katikati ya sentensi, kioo kikageuka buluu, kikajaa maandishi meupe yasiyoeleweka, kisha mashine ikajiwasha upya yenyewe, kama mtu aliyezinduka asijue alipo. Kazi yote ya siku hiyo ikapotea.

Tangu hapo sikupata raha. Nilishuku umeme, nikaazima chombo cha kuusawazisha. Nilishuku virusi, nikafuta kila kitu na kuweka programu upya, disketi baada ya disketi. Nilishuku kumbukumbu mpya, nikaichomoa, nikasugua meno yake kwa raba ya penseli, nikairudisha. Kisha nikaitoa kabisa. Mashine ikaendelea kuzima ipendavyo, leo mapema, kesho baadaye. Nilihifadhi kila aya, na bado faili lililokuwa wazi lilirudi limejaa alama kama nyayo za kuku. Nikairudisha Malindi. Kwa fundi ikafanya kazi siku nzima.

"Mashine nzima, bwana," aliniambia akifuta mikono. "Kapimwe wewe."

Mwalimu hakunikasirikia. "Kiboko hula mahindi yangu akaniachia mabua," alisema. "Mashine yako haiachi hata bua." Kisha akaanza tena. Lakini, wazee wangu, maneno yaliyokwisha kusemwa hayarudi yalivyokuwa. Mara ya kwanza alinipa udongo pamoja na hadithi ya mtu aliyeulima. Mara ya pili hadithi ilikuwa fupi. Mara ya tatu alinipa udongo tu, kwa sauti ya mtu anayejibu askari.

Siku moja mahindi yalikosekana, na mwenye injini akatupa umeme asubuhi. Mbu walikuwa wachache, tukakifunga chandarua juu. Mashine ikaenda hadi adhuhuri bila kukohoa. Jioni tukakishusha, ikazima kabla ukurasa haujaisha. Nikapeleka mkono nyuma ya kisanduku, nikauondoa upesi. Kilikuwa moto. Prosesa ya zamani ilikuwa pole, ikavumilia hewa nzito. Hii mpya hutoa joto jingi, na feni yake ilikuwa ikivuta hewa ileile tuliyoipumua sisi ndani ya marikani. Fundi wa Malindi hafanyi kazi ndani ya chandarua. Ndiyo maana kwake ilikuwa nzima.

Mtadhani nilifurahi. Nilifurahi kwa muda wa kunywa chai. Tukakata dirisha katika kitambaa, na mbu wakaingia kwa dirisha. Tukaagiza chandarua chepesi kutoka Malindi, na mvua ikaikata barabara. Nikamsihi Mwalimu abaki ndani peke yake na kunitamkia akiwa humo, nami nikae nje na mashine. Alikubali jioni moja. Jioni iliyofuata akapandisha kitambaa akatoka. Macho yake yalikuwa yanafifia. Aliweza kuona herufi kubwa tu, tena akiusogeza uso hadi karibu na kioo, na hakukubali sentensi asiyoiona.

"Rudi ndani, Mwalimu."

"Siwezi kusema na kitabu nisichokiona."

"Mbu watakumaliza."

"Hawa wananijua tangu nizaliwe. Ni wewe mgeni wanayekuonja. Andika."

Nikaandika. Kila jioni nilimwambia arudi ndani, na kila jioni niliandika, kwa sababu kurasa zilikuwa zinakuja na mashine ilikuwa haizimi.

Homa ilimshika ghafla ikapanda kichwani. Yuko hospitali, hapa hapa Garsen. Huutambua mkono wa mkewe, lakini ulimi umefungwa, na daktari hatupi matumaini ya usemi. Anasema malaria ingeweza kumpata popote. Mama Buya naye aliniambia, "Usijitese, mwanangu. Hata mimi alikuwa hanisikii." Alisema hivyo ili anipunguzie mzigo. Haukupungua.

Kwa hiyo, Baba, harusini sitafika. Siwezi kumwacha mama huyu peke yake wodini. Bakari anisamehe, na bi harusi nampokea ukweni kwa moyo mweupe ingawa kwa mkono mtupu. Msalimieni Bibi aliyenilea, na maalimu wetu wa chuoni, mumwombe amsomee Mwalimu dua. Shangazi, sasa unaweza kusema.

Mashine ni nzima. Sentensi ya mwisho kwenye kioo, kwa Kiswahili chetu, yasema: "Maji yakiacha udongo mwekundu juu ya mweusi, usiharakishe mpunga, kwanza panda", na hapo imekatika. Nimewauliza wakulima watatu, wakanipa majibu matatu, na Mama Buya anasema mumewe alikuwa na lake ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Magharibi umeme ukija naiwasha, nakaa mbele yake, na inakaa wazi hadi umeme uzimwe, ikisubiri neno ambalo mimi, mtoto wa Vanga, sina.

Mwanenu anayewaombea afya,
Athumani