Johana arap Koskei, Jina Lako Limeitwa

Mwaka umezunguka, Johana, tangu ulipotutoka hapa shambani kwako Kimulot, mvua ikinyesha na majani ya chai yakingoja kuchumwa. Watu hutuambia kwamba mwaka wa kwanza ukipita moyo hutulia. Wetu haujatulia. Tunakulilia na pia tunaogopa, na tunakwambia waziwazi kwa sababu hukupenda watu wa kufichaficha mambo.

Ulikuwa karani wa kituo cha kununua majani, na hakuna mkulima aliyekudanganya. Kila gunia ulilitia mkono hadi kwapani, ukipapasa kama katikati majani yameshika joto na kuanza kuharibika. "Haya yamelala na nani?" ungeuliza, na mama wa watu angecheka ingawa majani yake yamekataliwa. Jioni ungempitia na maziwa ya mursik ili asilale na kinyongo.

Mkono huohuo ndio ulioanza kukuangusha. Kwanza kalamu, kisha kikombe, mwishowe hata kijiko. Mama yako alikwenda kwa njia hiyohiyo, na watu wakasema karogwa. Wewe hukutaka habari za uchawi. Ulitaka daktari.

Noah, kifungua mimba wako, akakupeleka hospitali kubwa kwa Daktari Momanyi. Alieleza kwamba neva zinazoamrisha misuli zinakufa. Ndani ya kila seli, alisema, mna mahali pa kutengenezea na kukunjia protini. Zikikunjwa vibaya hurundikana, na seli huhangaika: hupunguza kazi mpya, huongeza wasaidizi wa kukunja, hutupa zilizoharibika. Ikizidiwa, hujiua. Wataalamu wanashuku kwamba ndivyo ilivyo katika ugonjwa wako, ila hawajamaliza kuchunguza.

Ukacheka, ulimi tayari mzito. "Daktari, hiyo ni senta yangu ya majani lori ikikosa kukuja. Unafunga mizani, unaambia watu wasilete ingine, unaita vijana wamwage majani chini ipumue. Ikishika moto katikati, imeisha."

"Ni hivyo hivyo, mzee," alisema. "Lakini chai inachipuka tena. Neva ikikufa, hatuna ingine ya kuweka."

Noah naye akauliza. "Na sisi watoto?"

"Kwa familia zingine inarithiwa. Mtoto anaweza kupata, anaweza kukosa. Siwezi kukudanganya."

Tangu siku hiyo mwanao hajapata usingizi wa maana. Kila asubuhi hutoa ulimi mbele ya kioo, akiangalia kama unatetemeka. Hufunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja, kisha kwa ule mwingine. Na tangu Pasaka kidole gumba chake cha kulia kinachezacheza chenyewe. Anasema ni uchovu wa kuchuma chai. Mkewe Janeffer naye anasema ni uchovu. Mkeo Rodah anamwongezea tu maziwa kwenye kikombe. Uoga ni kitu kibaya, Johana. Katika nyumba iliyokuwa ikicheka, sasa tunatazamana mikono.

Sasa sikiliza. Juzijuzi Janeffer alijifungua mvulana. Unajua desturi yetu: kina mama huketi na mtoto wakataja majina ya wazee waliotangulia, na akipiga chafya, basi yule aliyetajwa ndiye amerudi. Kabla hawajaanza, Noah alimfuata mama yake jikoni.

"Mama, jina ya Baba msiite. Akirudi, atarudi na hiyo ugonjwa."

Tangu lini mwanamume akawaamrisha kina mama katika jambo hilo? Lakini Rodah alikiona kile kidole kikicheza, akakubali.

Noah alisimama nje, karibu na dirisha. Wakamwita babu yako, kimya. Wakawaita ndugu zako waliotangulia, mtoto akapiga miayo tu. Wakarudia, wakabembeleza, wakamnusisha ugoro kidogo. Wapi! Wanawake wakaanza kunong'ona, maana mtoto anayekataa kila jina hana wa kumlinda. Hapo hofu ya Noah ikageuka upande wa pili. Alipeleka mdomo dirishani.

"Mama, mwite Baba."

Rodah alikuita mara moja tu, kwa jina lako la kuzaliwa. Chafya ilisikika hadi zizini.

Katikati ya vigelegele Noah aliingia, akamtia mtoto kile kidole gumba kiganjani. Mtoto akakishika. Kidole kikacheza ndani ya kile kingumi, kikacheza tena, naye hakukiachia.

Karibu nyumbani, basi. Hatujui umekuja na nini, na tunaogopa, hatukufichi. Kama huko mna ruhusa ya kuchagua, njoo na utani wako. Njoo na ule mkono wa kupapasa joto kabla majani hayajaungua. Ugonjwa uuache hukohuko.

Tunaokukumbuka ni mkeo Rodah. Mwanao Noah na mkewe Janeffer. Binti yako Chelimo. Rafiki yako Ouko, dereva wa lori la majani, ambaye bado hupiga honi akipita langoni kwako. Na mjukuu wako aliyeitika jina lako. Tutakuita siku zote, Johana. Hatutakusahau.