Ufunguo wa Geti la Dennis

Kicukiro, Kigali

Mdogo wangu Wenceslaus,

Kahawa yako ya Karagwe imefika. Jolly, mkwe wangu, ameikaanga vizuri, ingawa jikoni alinikataza kuingia.

Unaniandikia nitulie kitini na kuwasikiliza watoto. Ngoja nikufafanulie, kama nilivyofanya darasani miaka thelathini. Kijijini nililima na kuchota maji. Hapa mjini sinyanyui hata kikombe, na misuli isipotumika hulegea. Ndiyo maana mwezi uliopita nilianguka. Sikukwambia. Tangu hapo mwanangu Dennis hufunga geti na kwenda kazini na ufunguo.

“Mama, ukianguka barabarani, majirani watasema hatukutunzi.”

“Mwanangu, mimi niliangukia bafuni kwako, kwenye vigae.”

Jolly alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Jumapili, siku ambayo magari huzuiwa barabarani ili watu wafanye mazoezi, Dennis alikuwa safarini. Jolly, aliyeachiwa ufunguo, akanifungulia. Nilitembea hadi mzunguko wa barabara wa Sonatubes, nikipumzika kila nilipochoka. Pale muuguzi aliyekuwa akiwapima watu bure alinipima.

“Bibi mukecuru, presha iko juu kidogo. Tembea kila siku.”

“Niandikie hayo, mwanangu, na utie sahihi.”

Karatasi hiyo nimeibandika getini, juu ya tundu la ufunguo. Dennis ameisoma mara mbili. Leo ufunguo ameuacha mezani, nami nimeutia kwenye mkoba wangu. Hauondoki humo.

Ukipiga simu asubuhi, usishtuke nisipopokea. Nitakuwa barabarani.

Dada yako,
Febronia