Ng'ombe wa Shemeji

Kondoa
6 Februari, 1960

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, wanafunzi wangu wazima, ila mafua yanatusumbua. Mguu wa mama unaendeleaje?

Baba, nimeandikishwa kupiga kura. Safari hii hawaulizi mali. Ukijua kusoma na kuandika, inatosha. Nawe unasoma gazeti kuliko katekista. Nenda bomani upesi, nataka sote wawili tupige.

Ni mimi mwanao,
Anastasia

Mungaa
21 Februari, 1960

Mwanangu,

Marahaba. Sisi tupo, mguu wa mama yako unauma wakati wa baridi tu. Uwele umeota vizuri.

Nilikwenda. Nilivaa koti. Karani akanipa karatasi nisome, nikasoma bila kukwama. Kisha akauliza kama nimewahi kufungwa. Nikasema ndiyo, miaka miwili, wizi wa ng'ombe. Akasema mtu wa kifungo kama hicho haandikishwi. Nikamwambia kusoma nilijifunza hukohuko jela. Hakucheka. Nikarudi nyumbani, nikala, nikalala.

Baba yako

Kondoa
9 Machi, 1960

Baba,

Shikamoo. Barua yako imeniuma. Mlituficha sisi watoto, lakini mimi nilikuwapo jioni ile Mjomba Alphonce alipoleta wale madume wawili zizini kwetu. Mwizi ni yeye. Kwa nini ulikubali? Mwambie aende bomani kwa Bwana Shauri aseme kweli, jina lako lisafishwe kabla ya kura. Msalimu mama.

Mwanao,
Anastasia

Mungaa
2 Mei, 1960

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, tulikuwa tunavuna. Mama yako anakusalimu.

Wewe umekaa mjini, umesahau. Mtu akikuwekea ng'ombe, humtaji mwenyewe. Ndivyo watu wa huku wanavyoficha mali yao machoni pa wenye kijicho. Askari aliuliza ni wa nani, nikasema ni wangu. Sikujua kuwa ni wa wizi. Nilipojua, nilifikiri shemeji, huyo mjomba wako, atakuja mwenyewe kusema. Kosa langu ni hilo. Nilimngoja barazani siku ya kesi, nikamngoja jela, mwishowe nikaacha kungoja.

Sasa nimemwambia ulivyotaka. Alilia. Amekubali atasema, ila baada ya kura, maana akisema sasa wataweza kumfuta na yeye daftarini. Nimemwambia sawa. Ningetaka kukasirika, lakini sioni hasira iko wapi.

Baba yako

Kondoa
18 Julai, 1960

Baba,

Shikamoo. Sijaandika kwa sababu nilikuwa na hasira, na bado ninayo. Baada ya kura itakufaa nini? Mimi nitapiga yangu. Lakini nilitaka na wewe upige. Nilitaka hilo kuliko yote.

Anastasia

Mungaa
4 Septemba, 1960

Mwanangu Anastasia,

Marahaba ya barua yako. Sisi wazima. Mvua bado, malisho yamekwisha, tunachungia hata kando ya barabara.

Uliniomba nipige kura, basi nikueleze siku yenyewe. Asubuhi shemeji alifika amevaa viatu, anaswaga ng'ombe wake wote. Mchungaji wake naye alikuwa anakwenda kupiga. Akaniomba nimchungie mpaka atakaporudi. Mama yako aliingia ndani, akafunga mlango. Mimi nikachukua fimbo.

Nikawachunga pale kando ya barabara. Watu walipita tangu asubuhi, wanawake wamevaa kanga mpya, wanaimba. Mzee Kombo wa dukani akasimama, akaniuliza mbona siendi. Nikamwambia nina ng'ombe. Ndiye aliyeniuzia koti lile la kwendea bomani, nadhani alielewa.

Shemeji alirudi jioni. Akasema foleni ilikuwa ndefu, akanishukuru, akawaswaga kwenda kwao. Hajasema neno kuhusu Bwana Shauri, nami sikumwuliza. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nimesahau jambo moja. Mchana ule alipita askari kijana, mgeni, anatoka kulinda kura. Akasifu mifugo, akauliza ni ya nani.

Nikamwambia ni yangu.

Ni mimi,
baba yako, Mughwai