Mama Hataki Kushuka kwenye Gari la Marehemu

Mpendwa Mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana nyumbani kwangu nimeshahukumiwa na kila mtu isipokuwa fundi, na fundi naye jana kafunga sanduku lake la spana akasema hakanyagi tena hapa mpaka mama yangu ashuke kwenye gari.

Mimi ni baba wa familia, kazi yangu ni kukagua mizani masokoni, naweka jiwe la kilo juu ya mizani na ikisoma kilo kasoro kidogo naibandika karatasi nyekundu hata kama mwenye duka ni shemeji yangu, na ndivyo ilivyokuwa, mpaka leo hatusalimiani. Nasema haya ili ujue mimi si mtu wa kubabaisha, jambo nikiligusa nataka liwe sawasawa au lisiwe kabisa.

Marehemu baba alikuwa mpiga picha mwenye studio yake, na enzi zake alinunua gari la spoti la viti viwili kutoka kwa meneja wa hoteli aliyekuwa anahama, gari jekundu, fupi, limelala chini mpaka mtu mzima akitaka kuingia lazima ainame kama anatafuta kiatu uvunguni. Ukweli ni kwamba hakulinunua sana kwa ajili ya kuliendesha, alilisimamisha mbele ya studio na watu wakawa wanakuja kupigwa picha wamekaa ndani, mabibi harusi, vijana waliomaliza shule, timu ya mpira wakipokezana, hata mzee mmoja aliyekuja na mbuzi wake, na baba akaona hakuna ubaya, mbuzi akakaa. Mama kazi yake ilikuwa kutandika taulo kitini kabla mteja hajakaa, na jioni kulifua. Siku mojamoja baba alikuwa akilinyoosha miguu, tunatoka mimi na yeye mpaka daraja la pili na kurudi, mama anabaki mlangoni na taulo lake, kwa sababu baba alikuwa amemwambia zamu yake ingefika breki zikikaa vizuri, na breki zilipokaa vizuri klachi ikasumbua, na klachi ilipopona gia ikafa kabisa, ndipo likasukumwa bandani likafunikwa turubai, na humo likakaa mpaka baba alipofariki, akiwa ameniachia mimi kwa kauli yake mwenyewe, dada yangu akisikia, na hajasahau.

Mshauri, nilipofunua lile turubai nilishika tama. Tairi zimegandana na sakafu, panya wamezaa na kujukuu ndani ya kiti, sakafu ya gari ina tundu unapitisha ngumi, na kabureta ilikuwa imekauka ndani kama sufuria ya gundi. Nikamtafuta fundi, tunamwita Kimya kwa sababu hanyamazi, tukaanza. Tumechomelea sakafu, tumefumua injini, tumebadili mipira yote ya breki, viti vimeshonwa upya na mikanda nimetia mipya, na siku injini ilipokubali kuwaka nililia, sioni aibu kusema, nililia mbele ya Kimya na yeye akanyamaza kwa mara ya kwanza. Gari linaenda, linapinda, linasimama, nimelipeleka mpaka kituo cha mafuta na kurudi bila hata kukohoa.

Lakini halijaisha. Nyekundu aliyopiga mtu wa rangi si nyekundu ya baba, ni nyekundu ya ndoo, na ringi ya taa ya mbele upande mmoja haipo, nimeagiza nje wakaniletea ya gari jingine, nimeagiza tena, na siwezi kulitoa hadharani gari la marehemu likiwa na jicho moja lisilo na wanja, mwenda pole hajikwai, kwa hiyo nikaamuru lifunguliwe tena dashibodi na boneti wakati tunangoja.

Sasa ndipo lilipoingia la mama. Tangu alipousikia mlio wa injini, kila alasiri anaoga, anavaa gauni lake la kutokea na viatu vya kufunika, anachukua mkoba, anakuja bandani anajishikiza mlangoni taratibu, anaingia kiti cha pili, anaweka mkoba mapajani. Anafunga na mkanda. Hasemi kitu isipokuwa neno moja, ananiuliza, “Bado?” nami namwambia, “Bado, mama,” naye anasema, “Haya, baba,” na anaendelea kukaa. Kimya analala chini ya gari anagonga nyundo, mama yuko juu anatazama mbele, ukutani, ambako hakuna chochote ila rafu ya makopo. Macho yake nayo yana presha, daktari alisema kinachopotea hakirudi, kwa hiyo nikadhani labda haoni vizuri kwamba gari liko juu ya jeki, nikamweleza, akanijibu, “Naona jeki, mwanangu. Si kipofu bado.”

Nimemshauri apumzike ndani, hataki. Nimemwekea redio sebuleni, kaizima. Wiki iliyopita, na hapa ndipo naomba unisikilize kwa huruma, nikatia kufuli jipya kwenye banda. Mama alikuta kufuli, akavuta kigoda akakaa nje ya mlango na mkoba wake, majirani wakipita wanamwambia safari njema, naye anaitikia asante. Jioni hiyohiyo dada yangu akapiga simu akaniita majina ambayo gazeti haliwezi kuyachapa, kesho yake nikalifungua kufuli mama akarudi kitini, na mke wangu amesema nikimaliza kulitengeneza gari nianze kujitengeneza mimi.

Mshauri, naogopa mama anaanza kuchanganyikiwa kwa sababu ya kumkumbuka baba. Je, nimpeleke kwa daktari wa akili, au kuna njia ya heshima ya kumwondoa kwenye kile kiti mpaka ringi ya taa ifike? Sitaki laana, nataka nimalize kazi tu.

Mimi, Mkaguzi wa Mizani

*

Marahaba, mwanangu Mkaguzi. Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Na nimekuhukumu.

Kwanza pole ya msiba. Najua unachokifanya humo bandani. Mtu akifiwa na mikono yake ikapata kazi, siku zinakwenda, na kazi ikiisha anabaki na msiba wake mtupu. Ndiyo maana ringi ya taa imekuwa kubwa kuliko gari. Kulia mbele ya fundi si aibu, na ningependa ulie mara nyingine, ila safari hii usitafute cha kufungua baada yake.

Sasa tuje kwa mgonjwa wako. Kuna mtu ameoga, amevaa nguo ya kutokea, amebeba mkoba, ameingia kwenye gari, amefunga mkanda, kisha anamuuliza dereva, “Bado?” Majirani zako hawajui kabureta ni mnyama gani, lakini walimwona hivyo juu ya kigoda wakamtakia safari njema. Wewe uliyekaa naye nyumba moja unamtafutia daktari wa akili! Hapana ugonjwa hapo, mwanangu. Huyo ni abiria. Anangoja kupelekwa, na amengoja tangu wewe ukiwa na meno ya maziwa.

Umeniandikia mwenyewe, kwa mkono wako, wala hukushtuka. Mabibi harusi walikaa. Timu ya mpira ilikaa. Mbuzi alikaa. Mama yako alitandika taulo. Wewe na baba yako mkatoka mpaka daraja la pili, yeye akabaki mlangoni na uchafu wa makalio ya watu mkononi, na kila siku akiambiwa kuna kitu kidogo bado hakijakaa sawa. Simsemi vibaya marehemu. Waume wa namna hiyo nawajua, ninaye mmoja: pampu ya maji hapa kwangu imefunguliwa vipande vipande juu ya meza ya chakula, mwenyewe anasema anatafuta washa ya mpira inayofaa, na sisi tunachota kwa ndoo. Si mtu mbaya. Ananipenda. Lakini maji hayatoki.

Na wewe umerithi zaidi ya gari. Maji hufuata mkondo. Baba yako alikuwa na breki, kisha klachi, kisha gia. Wewe una rangi, una ringi, na hiyo ikifika naapa utagundua mshale wa mafuta umepinda. Unajisifu kwamba kwa mizani huna shemeji wala rafiki. Vizuri. Basi jiwekee na wewe jiwe juu ya mizani: upande mmoja ringi ya taa, upande wa pili macho ya mama yako, ambayo daktari amekwambia kinachopotea hakirudi. Ulipitia hapo kwa sentensi moja, ukarudi haraka kwenye jeki. Nyekundu ya baba, nyekundu ya ndoo! Siku si nyingi, kwake zote zitakuwa rangi moja, na hapo utalitoa hilo gari likiwa limekamilika, utamfungulia mlango, utampeleka popote atakapo, naye ataona nini? Mwenda pole hajikwai, ni kweli. Lakini wewe huendi pole, umesimama.

La kufuli sitalisema sana kwa kuwa dada yako ameshalisema. Litupe chooni. Hapana, litaziba choo. Mpe mkeo alifiche.

Sasa nisikilize. Kesho asubuhi mfuate huyo Kimya, umwombe radhi, nyote wawili mrudishe boneti na dashibodi mahali pake, na mpime breki mara ya pili na ya tatu, maana safari hii hambebi mbuzi. Taa isiyo na ringi izungushie utepe mweusi. Ni mchana, hamtaihitaji. Shusha jeki. Kisha ngoja alasiri, usiende kumwita. Aje mwenyewe kwa wakati wake kama anavyokuja siku zote, na akukute umeshakaa kwenye usukani, umevaa shati safi.

Akiuliza kama bado, mwambie tayari. Usiongeze neno. Usimweleze kilichobaki, usimwombe radhi kwa ajili ya rangi, na kwa jina la Mungu usimsimulie habari za kabureta. Muulize jambo moja ambalo katika barua yako yote ndefu sikuona mahali ulipomuuliza: “Mama, unataka kwenda wapi?” Pengine atakutajia mahali. Pengine atasema popote. Kama ni daraja la pili, basi ni daraja la pili, na kama amekuwa akitamani la tatu miaka yote hii, ni la tatu. Simu yako iache nyumbani. Ndani ya gari hilo zimepigwa picha za kutosha.

Dada yako atataka zamu yake. Atapata, ila si siku hiyo, viti ni viwili tu. Mkeo mwambie nimesema ana akili. Na siku ringi ikifika, itie, paka rangi, fungua dashibodi mpaka roho yako itulie, hakuna atakayekukataza. Utakuwa unatengeneza gari, hutakuwa unamchelewesha mtu.

La mwisho. Jaza tangi mpaka mdomoni, usitie mafuta ya kwenda na kurudi. Teremsha kioo upande wake, endesha taratibu ili aone vya kuonwa, na mkifika mnakokwenda usigeuze kwanza, mtazame. Akinyamaza, usimuulize kama amechoka. Endelea mbele mpaka yeye mwenyewe aseme turudi.